Mtungi Unaomngoja Bwana Kabiru

Risala ya wanachama wa Baraza la Mtandaoni la Mbotela kwa mgeni rasmi, Bwana Kabiru, siku ya kufunguliwa kwa chumba cha kompyuta katika ukumbi wa mtaa.

Mgeni rasmi, Bwana Kabiru, mtoto wa mtaa huu, wazee wetu, viongozi wa dini mlio nasi, kina mama wa mfereji, mafundi, wachuuzi, na vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu viti havikutosha:

KARIBU NYUMBANI

Mgeni rasmi, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Risala nyingi huanza kwa kumweleza mgeni mahali alipofika, asije akadhani yuko mtaa mwingine. Wewe hatuna haja ya kukueleza. Ulizaliwa nyumba ya tatu kutoka hapa. Ulijifunza baiskeli kwenye uwanja ulio nyuma ya ukumbi huu, ukaanguka, na mama jirani aliyekufunga goti siku hiyo ameketi safu ya pili leo. Tafadhali msalimie kabla hujaondoka, kwa maana amevaa vizuri kwa ajili yako.

Tunakushukuru kwa chumba hiki. Kompyuta nane si haba. Kuta zimepakwa rangi, madirisha yana vioo, na ile harufu ya panya tuliyoizoea tangu miaka ya themanini imetutoka. Asante tunaisema mapema na kwa sauti kubwa, kwa sababu kuna mambo mengine yanafuata, na hatungependa uondoke ukisema watu wa Mbotela hawana shukrani.

Anayesoma risala hii ni Wamalwa, fundi wa viatu vya akala, vile vya matairi, mwenye kibanda soko la Kariokor na nyumba hapa mtaani. Yaliyomo yameandikwa na kamati. Mengine yanamhusu yeye mwenyewe, na ameahidi kuyasoma kama yalivyo bila kuruka mstari. Aliyestahili kusoma ni msimamizi wa Baraza letu, Perez Adongo, ambaye wengi tunamwita Mama Opiyo. Yuko pale karibu na mlango, mwenye kitambaa cha kijani. Leo hatasema neno, na sababu tutaifikia.

TULIKOTOKA

Mwaka wa 2020, korona ilipoingia na watu wakakatazwa kusongamana, shida yetu ya kwanza haikuwa barakoa. Ilikuwa mfereji, bomba letu la pamoja. Maji yetu huja siku mbili kwa wiki, na foleni ya mfereji ndiyo iliyokuwa gazeti la Mbotela. Hapo ndipo ulipojua nani amejifungua, nani amefiwa, nani anagombana na shemeji. Ghafla tukaambiwa tusikaribiane.

Perez alikuwa amestaafu kutoka reli. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kupokea simu za watu na kuwaunganisha na watu wengine, na husema alijifunza huko kwamba sikio linaweza kushika waya siku nzima lisisikie lisilolihusu. Alifungua kikundi kwenye simu, akatuambia, "Kila mtu apige picha ya mtungi wake, aitume hapa. Hiyo picha ndiyo nafasi yako. Kaa kwako, nitakuita."

Tulimcheka, kisha tukatuma. Mitungi ya plastiki ya manjano ikajipanga kwenye simu zetu mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeruka foleni, maana foleni yote ilikuwa mkononi mwa kila mtu. Korona ilipopita, picha za mitungi zikapungua lakini watu hawakutoka. Walibaki na maneno. Leo tuko elfu mbili na mia tatu, wakiwemo watu wa mtaa wa Mowlem wasio na haja yoyote na mfereji wetu, ila wanapenda kusoma ugomvi wa wenzao wakinywa chai.

Sheria yetu kubwa haikuandikwa na wakili. Ilianzia kwa Saado, anayeuza chai ya maziwa na mahamri kando ya Barabara ya Jogoo. Asubuhi moja mtu aliandika kwamba maziwa ya Saado yamewaharisha watoto watatu. Saado hakuwa na bando la intaneti siku hiyo. Alikuwa anakoroga chai yake, hajui kwamba anahukumiwa. Kufikia saa sita mchana kulikuwa na jumbe mia moja na arobaini, na bwana mmoja alikuwa ameshapendekeza ahamishwe mtaa. Perez alizisoma zote. Hakumkemea mtu. Aliweka picha ya mtungi wa manjano na kuandika chini yake, "Hapa ni nafasi ya Saado. Mtungi wake uko kwenye foleni. Hakuna kuandika mpaka aje."

Mgeni rasmi, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mtu wa Mbotela anaweza kumrukia jirani yake kwa maneno asubuhi hadi jioni, lakini kuruka mtungi wa mtu hawezi. Kimya kikaingia. Saado alikuja saa kumi na moja, akaandika mistari minne, na siku mbili baadaye ikajulikana kwamba bomba la maji lilikuwa limepasuka kando ya mtaro. Maziwa hayakuwa na kosa. Tangu hapo, mtu akitajwa kwa ubaya, mtungi unawekwa, na mazungumzo yanasimama siku saba yakimngoja mwenyewe. Akija, anasema wa kwanza. Asipokuja, siku ya nane mtungi unaondolewa na watu wanaendelea.

TULIYOYAFANYA

Hatutaki kujisifu sana. Tumepata watoto wanne waliopotea, na mmoja wao hata hakuwa wetu. Tumepata watu wa kutoa damu saa ambayo ilihitajika. Tulimtafutia mama mmoja fundi wa stima mwaminifu, na katika mtaa huu hilo si jambo dogo.

Lakini tunachojivunia zaidi ni daftari. Perez ana daftari kubwa la jalada gumu ambamo huandika kila ujumbe aliouondoa: tarehe, saa, na sababu kwa mstari mmoja. Jumamosi mchana huliweka kwenye kiti barazani kwake, na yeyote anaweza kulifungua na kulalamika. Kipimo chake tunakijua kwa moyo. Tusi linatoka, swali linabaki. Hata swali likiwa na maneno ya kuwasha, maadamu ni swali, analiacha. Aliwahi kuuondoa ujumbe wa mchungaji, na wiki hiyo hiyo malalamiko yaliyoandikwa dhidi yake yeye mwenyewe akayaacha yakakaa mwezi mzima, yanasomwa na kila mtu, pamoja na wale wa Mowlem.

Kwa kweli hatukumpenda kila siku. Mtu akiondolewa ujumbe wake huona ameonewa, na kila mmoja wetu hapa ameshawahi kumnunia kwa siku mbili tatu. Tulikuwa tunamnunia, kisha Jumamosi tunaenda kusoma daftari, na tukifika kwenye mstari wetu tunaona haya.

PALIPOTUUMA

Mgeni rasmi, la kwanza linamhusu msomaji.

Miaka miwili iliyopita mtaro uliziba na maji machafu yakaingia nyumba tatu. Mtu akaweka picha ya vipande vya mpira vikielea, akaandika, "Hii ni kazi ya Wamalwa na matairi yake." Mtungi ukawekwa. Wamalwa alikuwa Bungoma akimzika baba mkwe, simu imeisha chaji, na matanga hayana saa. Siku saba zikapita. Siku ya nane, saa tatu kamili asubuhi, Perez akauondoa mtungi kama sheria ilivyosema.

Nambari ya Wamalwa alikuwa nayo. Alitujua sote, na alijua mtu huyu ameenda matanga. Lakini alijiambia kwamba akimpigia mmoja simu, kesho ataonekana ana watu wake. Mwanamke aliyewaunganisha watu kwa simu miaka ishirini na miwili hakupiga simu moja siku ambayo ilihitajika. Alidhani hiyo ndiyo haki. Tukaandika siku nzima, na hatutaki kurudia tuliyoyaandika. Wamalwa aliporudi siku iliyofuata, alikuta benchi lake la kushonea, lile la barazani, limetupwa kwenye mtaro. Mtaro ulipozibuliwa, kilichotoka ni nusu ya godoro. Mpira ulikuwa ukipita tu juu ya maji.

Wamalwa alikaa nje ya Baraza miezi mitano. Perez aliliandika kosa lake kwenye daftari, kisha akamfuata nyumbani kumwomba msamaha. Hakukaribishwa ndani. Alisimama mlangoni, akasema alilokuja kusema, na Wamalwa akajibu, "Sawa, Mama Opiyo," akaendelea kushona. Anayesoma hapa anathibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa, na kwamba hakuwa amesamehe siku hiyo.

Kutokana na hilo tuliongeza sheria ya hodi. Siku saba hazianzi kuhesabiwa mpaka mwanachama amwendee mtajwa, abishe hodi, na amwambie uso kwa uso kwamba kuna mtungi wake. Aliye matangani au hospitalini hahesabiwi siku.

La pili linakuhusu wewe.

Siku sitini zilizopita, Triza, mwalimu wa chekechea iliyo upande wa pili wa ukumbi, aliweka picha tatu kwenye Baraza. Ya kwanza ni uzio wa mabati kuzunguka uwanja wa watoto. Ya pili ni lango lenye kufuli. Ya tatu ni kibao chenye jina la kampuni yako. Chini aliandika maneno machache: "Uwanja umezungushwa mabati tangu Jumatatu. Nani ametoa ruhusa, ni kwa muda gani, na watoto wangu arobaini na wawili watacheza wapi?" Hakuongeza neno. Perez aliweka mtungi wako saa ile ile.

Alimtuma mtu ofisini kwako. Msaidizi wako, Kim, akajibu getini, "Boss ameiona." Perez akalipokea jibu hilo kama hodi, na hapo ndipo kosa lilipoanza. Siku ya nane ilipofika hakuuondoa mtungi. Wala hakuja mwenyewe kubisha. Siku ya kumi na tano ulikuwa hapo. Siku ya arobaini ulikuwa hapo, watu wamezuiliwa kuandika, na watoto wa Triza wanacheza kati ya kamba za nguo.

Tuliitana hapa hapa ukumbini. Triza alisimama, na Triza si mtu wa kelele. Alisema, "Mama Opiyo, heshima yako iko, si ati nakukosea. Lakini Wamalwa ulimpea siku saba, tena akiwa kwa matanga. Huyu mdosi unampea mpaka lini?"

Perez akasema, "Umesema ukweli, mwalimu. Wamalwa nilimpimia kwa saa. Kabiru nikampimia kwa jina."

Akaeleza bila kujitetea. Alisema aliogopa, kwa sababu chumba cha kompyuta kilikuwa kimebakisha milango tu, na hakutaka kuwa yeye aliyekikosesha mtaa. Akasema pia kuna jambo jingine, la zamani, linalomhusu mama yako, ambalo tutalitaja mwisho. Kisha akafungua daftari mbele yetu, na katika safu ya makosa akaandika jina lake mwenyewe, tarehe na saa. Akasema yuko tayari kuacha usimamizi. Wengi wetu tulikuwa tayari kumkubalia, na si vizuri kuficha hilo.

Barua ya ofisi yako ilifika kesho yake, kabla hatujapiga kura. Huenda hukuiona. Imesainiwa kwa niaba yako, na tunajua ofisi huandika mengi. Ilisema chapisho la Triza liondolewe na msimamizi abadilishwe kabla ya sherehe, la sivyo chumba kibaki kimefungwa. Ilisomwa kwa sauti. Ukumbi ulikuwa na watu mia moja na themanini.

Aliyesimama ni Wamalwa. "Mimi ndio niko na haki ya kumkasirikia huyu mama," alisema. "Hii barua haina. Tukimtoa leo watu watasema ametolewa na barua. Ametukosea sisi, basi wacheni tumwadhibu sisi, na iwe kwa hilo kosa, isiwe kwa kazi ambayo amefanya vizuri."

Tukapiga kura. Perez alibaki msimamizi, na akapewa adhabu ile ile ambayo yeye huwapa wengine: siku thelathini bila kuandika wala kusema lolote kwa jina la Baraza. Leo ni siku ya kumi na tisa. Ndiyo maana yuko mlangoni kimya, na Wamalwa anakaimu. Chapisho la Triza halikuguswa.

Tuliamua pia hodi ibishwe upya, kwa njia yake. Tulikuja ofisini kwako mara tatu. Mlinzi ni mtu mpole, aliandika majina yetu mara zote tatu kwa mwandiko mzuri. Hatukufika ndani. Tuliposikia unakuja mwenyewe, tukaona hatuna haja ya kurudi mara ya nne. Mgeni rasmi, barua yako hatukuijibu kwa barua. Risala hii ndiyo jibu, na pia ndiyo hodi.

USIYOYASOMA

Kuna jambo moja ambalo hungeweza kulijua, kwa sababu kazi ya Perez ikifanyika vizuri haionekani.

Umeona chapisho moja. Hukuona mengine ishirini na matatu. Hayo yaliandikwa juu yako katika siku hizo sitini, na kila moja Perez aliliondoa, mengine kabla watu kumi hawajayasoma, na tangu aadhibiwe Wamalwa anayaondoa kwa kipimo hicho hicho. Kulikuwa na lililokuita mwizi bila ushahidi. Kulikuwa na lililotaja shule wanayosoma watoto wako. Kulikuwa na moja juu ya ndoa yako, na aliyeliandika yuko katika ukumbi huu, ameinamisha kichwa. Yote yameandikwa kwenye daftari, sababu moja moja, bila kurudia matusi yenyewe. Watu walimwambia amenunuliwa na wewe. Aliendelea kuondoa.

La kumi na moja lilikuwa la Opiyo, mwanawe wa kuzaa, mtu mzima wa miaka thelathini na minne. Alilokuita hatuwezi kulisoma mbele ya viongozi wa dini. Perez alimfungia siku thelathini. Wanakula meza moja, na Opiyo mwenyewe ndiye aliyetusimulia. Alimuuliza, "Mathe, kwani huko kwa group wanasema nini?" Mama yake akamjibu, "Maliza siku zako. Nipitishie chumvi."

Sasa wote wawili wamefungiwa, na tunasikia nyumba ile imekuwa na amani isiyo ya kawaida.

Tunakuambia haya kwa sababu barua ilitaka aondolewe mtu aliyekulinda mara nyingi kuliko wakili wako. Tunamwonea fahari. Alikosea mara mbili, mara ya kwanza kwa ukali na mara ya pili kwa upole, na mara zote mbili aliandika kosa lake kwa mkono wake.

MAOMBI YETU

Mgeni rasmi, tuna maombi, na hatujayapamba.

Tungeomba viti sitini, kama unavyoona. Hivi tunavyokalia ni vya kanisa na vinarudi saa kumi na mbili.

Tunaomba barua ile irudi ofisini ilikotoka. Tunajua funguo za chumba bado ziko mfukoni mwa Kim. Bila shaka amekuwa akizigusa tangu jina la Triza liliposomwa. Zikitoka, tutafurahi na watoto wetu watajifunza. Zikibaki, tutasikitika kweli, maana chumba ni kizuri, na tutaendelea na simu zetu zenye vioo vilivyopasuka. Msimamizi hatutambadilisha kwa ajili ya funguo.

Ombi la mwisho ni umjibu Triza. Hatusemi umenyakua uwanja. Hatujui. Inawezekana mabati ni ya kuhifadhi vifaa kwa wiki mbili, inawezekana kuna karatasi ya ruhusa, inawezekana ni fundi aliyezidisha mipaka na wewe hujui. Mtu yeyote aliyejaribu kutuambia anajua, tulimwonyesha mtungi. Hata katika risala hii tumejizuia, na kamati ilifuta aya nzima kwa sababu ilikuwa imeanza kunusa hukumu.

Kwa kuwa hodi imebishwa leo, mbele ya watu, siku zako saba zinaanza leo. Hatuhesabu zile sitini. Hilo lilikuwa kosa letu. Utapata saba, sawa na alizopaswa kupata Wamalwa. Siku ya nane, saa tatu asubuhi, yeye ndiye atakayeuondoa mtungi, uwe umeandika au hujaandika. Tulimuuliza kama ataweza, akasema anajua uzito wa jambo hilo kuliko sisi sote.

TUNAPOFUNGA

Mtungi ulio mbele ya meza yako si pambo. Tambara jekundu lililofungwa kwenye kishikio chake alilifunga Perez asubuhi ya leo. Kufunga tambara si kuandika wala si kusema, kwa hiyo tulimruhusu.

Perez aliletwa Mbotela akiwa bibi harusi mwaka wa 1984, hajui Kiswahili cha Nairobi wala hajui foleni ya hapa inakwenda vipi. Aliyekuwa mbele yake kwenye mfereji siku ya kwanza ni marehemu mama yako, Wacera. Ndiye aliyemfundisha kwamba hapa mtu anaweza kuondoka lakini chombo chake kikibaki, yeye bado yupo. Debe la mama yako lilikuwa na tambara jekundu ili lisichanganywe na mengine.

Mwaka huo huo mama yako alipelekwa hospitalini kumzaa mdogo wako, akalazwa siku tatu. Debe lake lilibaki kwenye foleni. Hakuna aliyeliondoa na hakuna aliyeliruka. Kila foleni iliposogea, aliyekuwa nyuma alilisukuma kwa mguu. Lilipofika mbele, Perez alilijaza, akalibeba hadi kwenu, na mtoto wa miaka saba akamfungulia mlango. Kisha akalirudisha kwenye foleni, na alifanya hivyo siku zote tatu. Mtoto huyo ulikuwa wewe. Perez anasema ulimwambia asante kwa Kikikuyu, na yeye hakuelewa, ila alijua.

Hilo ndilo jambo la zamani lililomfanya aache mtungi wako ukae kupita siku zake. Tulimwambia ni kosa, naye akakubali. Lakini tunaelewa alikolitoa.

Mungu akurudishe salama kwako, akulindie watoto wako na shule yao, na akupe maneno ya kweli na wepesi wa kuyaandika. Mtungi wako tumeusukuma sisi wote, hata wale tusiokupenda, na hakuna aliyeuruka.

Umefika mferejini, Bwana Kabiru. Zamu ni yako.

Ni sisi, Baraza la Mtandaoni la Mbotela.

Imesomwa na Wamalwa, kaimu msimamizi.
Imesikilizwa na Perez Adongo, msimamizi, siku yake ya kumi na tisa.